Dinon wa Colophon na Habari Zake za Uajemi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaokutana na jina la Dinon ndani ya Plutarch au Athenaeus, waandishi wa Kigiriki wa zama za Warumi, na kujiuliza huyu ni nani, na kitabu chake kiko wapi. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeelezwa mahali pengine, utatajiwa namba ya swali. Majina ya wafalme yameachwa kwa tahajia ya Kigiriki. Waliozoea Biblia watamtambua Cyrus kuwa ndiye Koreshi, na Artaxerxes kuwa ndilo jina Artashasta.

## Mambo ya msingi

1. Dinon alikuwa nani?

Alikuwa mwandishi wa historia wa Kigiriki wa karne ya 4 KK. Huhesabiwa kuwa mtu wa Colophon, mji wa Ionia, magharibi mwa Uturuki ya leo, kusini ya Izmir. Aliandika kitabu kirefu juu ya dola ya Uajemi kilichoitwa Persika. Kitabu hicho hakipo tena.

Alikuwa pia baba yake Cleitarchus, aliyeandika habari za Alexander Mkuu. Mwana alivuma kumshinda baba, hata Pliny, Mrumi wa karne ya 1 BK, alipomtaja Dinon alimtambulisha kama baba wa Cleitarchus mwandishi mashuhuri. Kitabu cha Cleitarchus nacho kimepotea.

2. Aliishi miaka gani?

Kuna vigezo viwili. Cha kwanza, alisimulia jinsi Artaxerxes wa Tatu alivyoiteka upya Misri, na hilo lilitokea mwaka 343/342 KK. Kwa hiyo alikuwa bado anaandika baada ya hapo. Cha pili ni mwanawe, aliyeandika juu ya Alexander, mtu aliyevuka kuingia Asia mwaka 334 KK. Tukiviunganisha, Dinon anaangukia katikati na nusu ya pili ya karne ya 4 KK, yaani kizazi cha mwisho kilichoiona dola ya Waajemi ikiwa bado imesimama.

3. Mgiriki aliyajuaje mambo ya ndani ya Uajemi?

Ionia haikuwa mbali na Uajemi. Ilikuwa sehemu yake. Cyrus aliitwaa katikati ya karne ya 6 KK, na hata baada ya Wagiriki kuikomboa kwa muda, mapatano ya mwaka 386 KK yaliirudisha miji ya Asia mikononi mwa Mfalme Mkuu, yaani mfalme wa Uajemi. Watu wa kizazi cha Dinon walilipa kodi kwa liwali wa Kiajemi na kusikia habari za ikulu kutoka kwa wafanyabiashara, askari wa kukodiwa, wakalimani, mabalozi na waganga. Ctesias wa Cnidus, aliyemtangulia, alikuwa tabibu katika ikulu yenyewe.

Ndiyo maana si sahihi kumsoma Dinon kama mgeni anayechungulia dirishani. Alikuwa raia wa dola hiyo, wa pembezoni, mwenye lugha nyingine.

4. Persika ni jina la kitabu kimoja au aina ya vitabu?

Ni aina nzima. Katika karne ya 5 KK waliandika Dionysius wa Miletus, Charon wa Lampsacus na Hellanicus wa Lesbos. Mwanzoni mwa karne ya 4 akaja Ctesias na vitabu 23, kisha Heracleides wa Cumae na vitabu 5, na Dinon. (Neno “kitabu” hapa lina maana ya gombo moja la mafunjo, si juzuu nene.) Hakuna hata kimoja kilichotufikia kizima. Ctesias ana nafuu, maana Photius, patriaki wa Constantinople katika karne ya 9 BK, alimsoma na kuandika muhtasari mrefu. Dinon hakumpata mtu kama huyo.

## Kitabu chenyewe

5. Kilianzia wapi na kuishia wapi?

Kilikuwa na sehemu kubwa tatu, kila moja ikiwa na vitabu vyake. Kilianzia mbali kabla ya Waajemi, kwa Waashuru na malkia Semiramis. Aelian, mwandishi wa zama za Warumi, amehifadhi kisa chake. Semiramis alifika mbele ya mfalme wa Ashuru kwa sifa ya uzuri wake, akaahidiwa zawadi. Akaomba vazi la kifalme na ruhusa ya kutawala Asia kwa siku tano tu, kila mtu atii neno lake. Akaketishwa kwenye kiti cha enzi. Alipoona walinzi wamekuwa wake, akaamuru mfalme auawe.

Mwisho wake tunaujua kutokana na Plutarch. Wamisri walimbandika Artaxerxes wa Tatu jina la Punda. Naye akasema huyo punda atamla ng'ombe wao, akamchinja fahali mtakatifu Apis. Kisa kinanoga, ila kina mashaka: Herodotus, mwanahistoria aliyemtangulia Dinon, alishasimulia jambo linalofanana nalo sana kuhusu Cambyses, mfalme aliyeiteka Misri mara ya kwanza. Mtekaji wa Misri anayemwua Apis ni hadithi iliyokuwa tayari, ikingoja mfalme mwingine wa kuvishwa.

6. Kwa nini kilipotea?

Hakuna aliyekichoma. Kitabu cha kale kiliishi kwa kunakiliwa kwa mkono, na kisichonakiliwa kwa vizazi viwili vitatu huoza. Shule zilizofundisha Kigiriki safi zilichagua Herodotus, Thucydides na Xenophon. Dinon hakuwa kwenye orodha. Tena Alexander aliiangusha dola ile miaka michache tu baada ya Dinon kuielezea, na wasomaji wakahamia kwenye vitabu vya Alexander, kikiwemo cha mwanawe mwenyewe. Magombo yalipoanza kuhamishiwa kwenye vitabu vya kurasa za ngozi, mradi wa gharama kubwa, maandishi yenye wasomaji wachache yaliachwa nyuma.

7. Je, kinaweza kupatikana siku moja?

Si muhali. Jangwa la Misri limetoa vipande vingi vya mafunjo, na pale Oxyrhynchus kilipatikana kipande cha Ctesias chenye maneno yake mwenyewe. Lakini mafunjo ya Misri yanaonyesha wenyeji walikuwa wakisoma nini, na wingi wake ni Homer na waandishi wa shuleni.

## Yaliyobaki

8. Kama kimepotea, tunajuaje kilichokuwamo?

Kwa nukuu za waliokisoma. Wataalamu huziita vipande. Mjerumani Felix Jacoby alipokusanya vipande vya wanahistoria wa Kigiriki alimpa Dinon namba 690, na jumla yake ni takriban thelathini. Vinatoka kwa Athenaeus, Plutarch, Cornelius Nepos, Cicero, Pliny, Aelian, Clement wa Alexandria na Diogenes Laertius, pamoja na wengine wachache.

Tahadhari: “kipande” hapa mara nyingi si maneno ya Dinon. Ni mwandishi mwingine anasema “Dinon anasema kwamba...” kisha anafupisha kwa maneno yake, pengine miaka mia tano baadaye, pengine kwa Kilatini. Na hatuambiwi daima ni wapi nukuu inaishia.

9. Mbona karibu kila kitu kinahusu chakula, vinywaji na masuria?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na jibu lake ni muhimu kuliko yote humu. Ni kwa sababu ya Athenaeus. Huyu alikuwa mtu wa Naucratis nchini Misri, aliyeandika mnamo mwaka 200 BK kitabu kikubwa cha wasomi wanaozungumza karamuni. Kila chakula kikiletwa mezani, wanashindana kukumbuka nani alikitaja. Aliyesoma Persika akitafuta chumvi atatoka na chumvi. Vita, kodi na mikataba aliviacha humo humo, vikazama na gombo.

Na alitoka na vitu kweli. Alichukua kwa Dinon kwamba kutoka Misri mfalme alipelekewa chumvi ya Ammon na maji ya Nile. Alichukua kwamba mfalme akishuka garini haruki chini wala hamwegemei mtu. Huwekewa kigoda cha dhahabu, na mbeba kigoda humfuata kila aendako. Michongo ya Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, inamwonyesha mfalme miguu yake ikiwa juu ya kigoda, kwa hiyo hapa Dinon hakubuni. Alichukua pia habari za mlo uitwao potibazis: mkate wa shayiri na wa ngano, shada la mberoshi, na divai iliyochanganywa ndani ya yai la dhahabu ambalo mfalme mwenyewe hunywea.

Kisha kuna hesabu iliyowakera wengi. Ctesias na Dinon wanasema mfalme alikula na watu 15,000, na karamu iligharimu talanta 400. Kwa uzito wa Athens hiyo ni fedha ya zaidi ya tani 10 kwa mlo mmoja! Namba ya watu si ya kutupwa, ukisoma kwa makini. Heracleides wa Cumae anaeleza kwamba wanyama elfu moja walichinjwa kila siku kwa ajili ya mfalme, ila nyama nyingi ilitoka nje ya ukumbi kwenda kwa walinzi na watumishi. Ndiyo iliyokuwa mshahara wao. Vibao vya udongo vilivyochimbwa Persepolis miaka ya 1930, vya zama za Darius wa Kwanza, vimejaa orodha za posho ya namna hiyo: nafaka, mvinyo na mifugo iliyogawiwa kwa wafanyakazi, wasafiri na makuhani. Kwa hiyo walichokiona Wagiriki kama ulafi wa mtu mmoja kilikuwa bohari la serikali. Talanta 400 ni suala lingine; hizo sizitetei.

10. Habari ya tini za Athens inasemaje?

Sheria ya meza ya mfalme, asema Dinon, ilikuwa kwamba analetewa mazao bora ya nchi anazozitawala, na Xerxes hakuona vyema mfalme kula au kunywa cha ugenini. Siku moja towashi akaweka tini kavu za Athens kati ya matunda. Xerxes akauliza zimetoka wapi. Aliposikia, akakataza zisinunuliwe mpaka atakapoweza kuzichukua apendavyo bila kulipa. Inasemekana towashi alifanya makusudi, kumkumbusha vita dhidi ya Athens.

Athenaeus anaitumia kama habari ya matunda, lakini ni habari ya siasa. Isome pamoja na swali linalofuata.

11. Ni kweli wafalme wa Uajemi walihifadhi maji ya Nile na Danube?

Plutarch anaeleza kwamba Alexander alipoingia Susa, mji mwingine wa kifalme wa Waajemi, alikuta talanta 40,000 za fedha iliyopigwa sarafu, pamoja na nguo za zambarau. Hapo anamnukuu Dinon: wafalme walikuwa wakiagiza maji ya Nile na ya Danube yawekwe hazinani pamoja na vitu vingine, yawe ushahidi wa ukubwa wa dola na wa kumiliki kila kitu.

Hayo ya maji kuwekwa hazinani yanaafikiana na wafalme wenyewe walivyojieleza. Maandishi ya Darius yaliyopatikana Susa yanajivunia kwamba jumba lake lilijengwa kwa mierezi ya Lebanon, dhahabu ya Sardis na Bactria, na pembe za ndovu za Ethiopia, India na Arachosia. Kila nchi ilipaswa kuonekana ndani ya nyumba ya mfalme. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande bora cha Dinon kuliko vyote, maana kinaonyesha alielewa chumvi, maji na tini vilikuwa na kazi gani.

12. Aliandika lolote kuhusu dini ya Waajemi?

Ndiyo, na kwa uangalifu kuliko wengi. Clement wa Alexandria anamnukuu kwamba Mamajusi walitoa dhabihu mahali pa wazi, na kuona moto na maji peke yake kuwa mifano ya miungu. Diogenes Laertius anachukua kutoka kitabu chake cha tano kwamba Mamajusi hawakujua uchawi. Wagiriki wengi walikwisha kuligeuza jina la Mamajusi kuwa neno la waganga wa kupiga ramli, Dinon alikataa.

Ndoto pia zimo. Cicero anasimulia kwamba Cyrus aliota jua liko miguuni pake, akajaribu kulishika mara tatu, nalo likamponyoka. Mamajusi wakafasiri kwamba atatawala miaka thelathini. Akaanza kutawala akiwa na miaka arobaini, akafa akiwa na sabini.

13. Kipi kati ya vipande vyote kinafaa kusomwa na asiye mtaalamu?

Wimbo wa Angares. Astyages, mfalme wa Wamedi, alikuwa akifanya karamu na rafiki zake wakati Cyrus kijana ameruhusiwa kwenda kwao Uajemi. Akaitwa Angares, mwimbaji mashuhuri kuliko wote. Akaimba nyimbo za kawaida, na mwisho akaimba kwamba mnyama mkubwa ameachiwa kwenye kinamasi, mkali kuliko nguruwe dume wa mwitu. Akishatawala eneo lake atapigana na wengi bila taabu. Mfalme akauliza ni mnyama gani. “Cyrus Mwajemi,” akajibu. Astyages akatuma watu wamrudishe, lakini muda ulikuwa umepita.

Ni mwimbaji anayemwambia mtawala kwa mafumbo lile ambalo mawaziri wameshindwa kulisema. Anayejua kazi ya mashairi ya mafumbo katika siasa za pwani yetu hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa wanahistoria, kipande hiki kina thamani ya pekee: kinaonyesha kwamba habari za Cyrus zilitembea kwa nyimbo, na Dinon, au aliyemsimulia, alizisikia.

## Ni wa kuaminika?

14. Watu wa kale walimwonaje?

Nepos, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, anasema Dinon ndiye anayemwamini zaidi katika mambo ya Waajemi. Anasema hivyo akieleza habari za Conon, amiri jeshi wa Athens aliyekamatwa na liwali Tiribazus. Wengine walidai Conon aliuawa huko. Dinon alisema alitoroka, lakini akaacha wazi kama Tiribazus alijua au la. Mwandishi anayeweka mpaka wa anachokijua anastahili sikio.

Plutarch hakuwa na imani hiyo. Kuhusu Themistocles, kiongozi wa Athens, kukimbilia Uajemi, Dinon alisema alionana na Xerxes mwenyewe, wakati Thucydides na Charon walisema Xerxes alikwisha kufa na aliyempokea ni mwanawe. Plutarch anaona miaka inawaunga mkono Thucydides na Charon.

15. Dinon na Ctesias wakipingana, nimfuate nani?

Inategemea jambo. Wote wawili ndio nguzo za kitabu cha Plutarch juu ya Artaxerxes wa Pili (aliyetawala 404–358 KK), na hapo tunaweza kuwapambanisha mara tatu.

Kwanza, jina la mfalme kabla hajatawazwa. Ctesias alisema Arsicas, Dinon akasema Oarses. Plutarch anasema haiwezekani Ctesias, hata kama kitabu chake kimejaa porojo, asijue jina la mtu aliyekuwa akimtibu. Vibao vya Babiloni vinaandika jina hilo Arshu. Ctesias ameshinda.

Pili, kifo cha malkia Statira, aliyewekewa sumu na mama mkwe wake Parysatis. Wanakubaliana kwamba sumu ilipakwa upande mmoja wa kisu na ndege mdogo akakatwa vipande viwili mezani. Ctesias anasema aliyekata ni Parysatis; Dinon anasema ni mtu aitwaye Melantas. Dinon analiweka tukio wakati wa vita vya mfalme na ndugu yake, Ctesias baada yake. Ctesias alikuwepo.

Tatu, kifo cha Cyrus Mdogo (si Cyrus wa kwanza, bali mdogo wa mfalme huyu aliyemwasi) kwenye vita vya Cunaxa, mwaka 401 KK. Kwa Dinon, Cyrus anamwangusha kaka yake kutoka kwenye farasi, Tiribazus anampandisha mwingine, anaangushwa tena, na mara ya tatu mfalme anasema ni heri kufa, anamkimbilia mdogo wake na kumchoma mkuki, na wenzake nao wanapiga. Kwa Ctesias, Cyrus anajeruhiwa karibu na jicho na kijana Mithridates na kumaliziwa na mtu duni kabisa. (Plutarch anadhihaki kwamba Ctesias anamwua Cyrus kwa kisu butu, polepole, hadi hatimaye.) Plutarch pia anaeleza kwamba Artaxerxes alitaka watu wote waamini kuwa alimwua Cyrus kwa mkono wake mwenyewe. Tazama basi simulizi ya Dinon ilivyokaa: ni kauli rasmi ya ikulu, au inaikaribia sana. Ukitaka kujua yaliyotokea, haikusaidii. Ukitaka kujua ikulu ilitaka raia wake wa Ionia wasikie nini, hutapata shahidi bora.

Kanuni yangu, kwa hiyo: desturi, vyombo na kanuni za meza, mwamini Dinon. Nani aliua nani, linganisha kwanza.

## Maswali ya pembeni

16. Hawa Waajemi wana uhusiano na Washirazi wa pwani ya Afrika Mashariki?

Hapana. Persepolis ni kweli haiko mbali na mji wa Shiraz, lakini kati ya Dinon na simulizi za Washirazi kuna zaidi ya miaka elfu moja. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 1107 BK, zama za Uislamu, dola nyingine na watu wengine.

17. Alisema kweli India kuna wanawake-ndege wanaoimba na kuua watu?

Pliny anasema hivyo: kwamba Dinon alithibitisha kuwapo kwa sireni India, wanaowabembeleza watu kwa wimbo na kuwararua wakishalala. Pliny hakuamini. India ilikuwa mpaka wa dola, na mipakani ndiko waandishi wote wa Persika walikorundika viumbe vya ajabu.

18. “Dinon” na “Deinon” ni mtu mmoja?

Ni mmoja. Ya pili inafuata tahajia ya Kigiriki, ya kwanza imepitia Kilatini.

19. Nianzie wapi kumsoma, na nimtajeje kwenye insha?

Anza na Artaxerxes ya Plutarch kwa ukamilifu wake, halafu Athenaeus, hasa kitabu cha 4 na cha 11 hadi 14. Mwaka 2009 Dominique Lenfant alitoa Ufaransa mkusanyo wa vipande vya Dinon na Heracleides pamoja, wenye tafsiri na maelezo.

Kwenye insha usiandike “Dinon anasema” peke yake. Andika “Dinon, katika Athenaeus” au “Dinon, katika Plutarch”, kisha namba ya Jacoby, 690, na namba ya kipande. Msahihishaji atataka kujua ni mkono wa nani umekuletea habari hiyo, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 8 na la 9.